Uzito wa Pili Msibani

Niliondoa kipokezi nyuma ya sikio la mfiwa ili nimwoshe nywele, na hakuna kilichobadilika.

Nilisimama na kile kidude kiganjani, kidogo kama kifungo cha shati, taa yake ya kijani ikizimika. Maji yalikuwa yanafuka kwenye beseni. Mama Nsubisi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga kifuani, shingo imelegea. Tangu mume wake afariki jana yake, nyumba kumi zote tulikuwa tumembeba: kifua kimekaza, tumbo baridi, mate machungu. Sasa nilikuwa nimemtoa kwenye mtandao, na kifua changu bado kilikuwa kimekaza vilevile.

"Maji yanapoa, mjumbe," alisema.

"Inamisha kichwa basi."

Nikammwagia, nikamsugua, huku nangoja. Mtu akivua kipokezi, wanaombeba hupumua papo hapo kama waliotua ndoo. Yeye aliyevua hurudiwa na uzito wake wote kwa mkupuo. Nilikuwa nimejiandaa kumshika asianguke. Hakuanguka. Alikuwa anajikuna kisigino.

"Unajisikiaje?"

"Nimechoka. Nimelia mpaka nimeisha, Mama Tuse. Sasa hivi natamani chai ya tangawizi tu." Akageuza uso kidogo, sabuni ikimchuruzika shavuni. "Ni vibaya?"

"Vibaya nini? Mume wako angekuwepo angeshalalamika mbona haijaletwa."

Akacheka, kicheko kidogo chenye povu. Mtu anayecheka hivyo hana kifua kama changu cha wakati ule. Nilimfunga taulo kichwani, nikamrudishia kipokezi chake, nikatoka nje.

Kulikuwa na mtu mwingine. Mmoja wetu alikuwa anazama, na sisi sote tulikuwa tunadhani tunamlilia mjane.

*

Uani palikuwa pamejaa. Turubai lilikuwa limejiinua lenyewe tangu asubuhi, likijikaza na kujilegeza kila upepo ulipogeuka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mwimbishaji wa kwaya alikuwa anaimbisha kwa kipaza sauti watu aliokuwa hawaoni vizuri. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba kwenye mafiga na kuni, ingawa kila nyumba hapa Mpombo Juu ina jiko la sumaku. Chakula cha msiba hakipikwi kwa sumaku. Nani aliamua, sijui, lakini jaribu kuleta jiko lako uone watakavyokutazama.

Vipokezi navyo tumevifanyia hivyohivyo. Wataalamu walipotuletea walitufundisha vizuri, na mimi kama mjumbe wa nyumba kumi nilifundishwa zaidi. Kipokezi hakisomi mawazo. Anayekuambia kinasoma ni mwongo. Kinasoma mwili: mapigo ya moyo, pumzi, chumvi ya jasho, jinsi misuli ya shingo inavyojikaza. Mtu akilemewa, sanduku lililoko nyumbani kwa mjumbe linaugawa ule uzito. Kila mtu mzima wa nyumba kumi anapata kipande, na mwenyewe anabaki na kinachobebeka. Unabeba bila kujua unambeba nani. Unafagia, unasikia kifua kinabana kidogo, unasema moyoni pole wewe popote ulipo, unaendelea kufagia. Kuna kizingiti, ili asiwepo wa kubebeshwa kupita kiasi. Uzito ukivuka kizingiti, kengele inalia kwangu.

Wataalamu hawakutuuliza huku tunaombolezaje. Sisi msiba ukitokea hatubebi vipande. Kila mtu anafungua kizingiti chake mpaka mwisho kwa ajili ya mfiwa, na asiyefungua atasemwa mpaka aone haya kwenda dukani kununua chumvi. Kwa kuwa kizingiti kikiwa wazi kengele hulia bila kukoma, mjumbe huizima mpaka siku ya kuanua matanga. Niliizima mimi, kwa mkono wangu. Kila mjumbe wa milima hii anaizima, na hakuna aliyewahi kujiuliza: je, siku hiyohiyo akilemewa mtu mwingine?

"Mama Nsubisi ametuweza leo," Mama Anyisile aliniambia. Alikuwa anapepeta mchele, machozi yakimdondoka kwenye ungo. "Mchana huu umezidi asubuhi. Mimi hata marehemu mwenyewe sikuwa nampenda hivi."

"Umemwona Tuse?"

"Alikuwa hapa anachochea moto. Akasema anakwenda kuchota maji."

"Bomba si hilo hapo?"

"Sasa mimi nitamfuata mtu mzima na ndoo yake? Si mwanao? Mtafute."

Ndoo ilikuwa chini ya bomba. Imejaa.

Tusekile ni mwanangu wa pekee. Alikuwa amerudi kutoka chuoni wiki kadhaa kabla, akasema ni likizo. Sikuwahi kusikia likizo ya msimu ule. Nilimwambia kama ni likizo basi afue mapazia, akayafua. Alikuwa anafua, anapika, anajibu "ndiyo mama" na "hapana mama", na mlango wa chumba chake huusikii ukifungwa. Nilikuwa nimepanga kumbana tukishamaliza kuvuna parachichi.

Niliita jina lake mara moja kuelekea kwenye migomba. Kisha nikakimbia nyumbani.

*

Sanduku liko jikoni kwangu, juu ya kabati la vyombo. Nililiamsha. Mstari wa Mama Nsubisi, ambao ulikuwa na jina kwa sababu ya msiba, ulikuwa chini, umelala. Juu yake kulikuwa na mstari mwingine, mwekundu, unapanda. Haukuwa na jina. Pembeni yake sanduku lilikuwa limeandika kwa herufi za ustaarabu kabisa: Ili kufunua jina, mjumbe aweke kidole.

"Kuna nini?"

Mzee Asajile alikuwa mlangoni, anahema. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na hawezi kuona mtu anakimbia asitake kujua anakimbilia nini.

"Huu uzito si wa mfiwa, mzee."

Alitazama kioo cha sanduku. Akaweka mkono kifuani, kama anayekagua mfuko. "Wa nani?"

"Hilo ndilo sijui."

Nilipiga simu kituo cha wilaya. Akapokea msichana mwenye sauti tulivu, ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri.

"Mjumbe, mstari huo umepita kiwango cha hatari. Mtu huyo asiachwe peke yake. Tafadhali funua jina."

"Nitumieni wauguzi kwanza."

"Ndege haziruki kwenye ukungu huo. Gari limeshaondoka, lakini barabara mnaijua wenyewe. Mfikieni ninyi."

"Huko kwenu jina hamlioni?"

"Hatulioni, mama. Mlikataa wenyewe tulione."

Ni kweli, tulikataa. Tena tulidai na lingine: mjumbe akifunua jina, lisikike kwenye vipokezi vyote vya nyumba kumi kwa wakati mmoja. Tulitunga hivyo makusudi, mjumbe asije akageuka mpelelezi wa majirani. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga.

Nilikata simu. Asajile alikuwa ananitazama.

"Funua," alisema. "Unangoja nini?"

"Jina litatamkwa msibani, mzee. Mbele ya kwaya."

"Litamkwe! Aibu ni kitu gani? Aibu unaoga inaisha."

"Yule mwalimu wa nyumba kumi za juu, yake iliisha?"

Kila mtu huku anaijua habari ya mwalimu. Mjumbe wake alifunua kwa nia njema kabisa. Watu wakaenda kwake kwa nia njema kabisa, wamepanga foleni mpaka barabarani, huyu na uji, huyu na Biblia, huyu na shemeji yake aliyewahi kupatwa na hayohayo. Mwalimu akamshukuru kila mmoja kwa jina. Wiki ileile akavua kipokezi, akaacha kukivaa. Kabla mwezi haujaisha walewale waliobeba uji walikuwa wanabeba majembe.

"Basi tuwavue mmoja mmoja," Asajile alisema. "Atakayevua tukapumua, ndiye."

"Na tukimvua huyo, uzito wote unamrudia kwa mkupuo. Yuko ukingoni, wewe unataka umkate kamba ujue ni ya nani?"

"Basi wewe mwenye akili sema!"

"Ungekuwa wewe, ungetaka litajwe?"

"Mimi mzee. Nina aibu gani mimi?"

"Mzee Asajile."

Akatazama sakafu. Nilisikia kwaya kwa mbali ikimaliza ubeti. "Ule mwaka alioondoka mke wangu," alisema polepole, "mlinibeba ninyi. Hamkujua. Mngetaja jina langu ningehama." Kisha akapandisha sauti tena. "Lakini ningehama mzima! Maiti haihami, Mama Tuse. Fikiria hilo."

Nililifikiria. Kidole gumba changu kilikuwa tayari juu ya kioo, karibu kiasi cha kuona mvuke wake. Mstari ulipanda tena, na kifua changu kikajibu. Nilimwona Tuse alivyokuwa ameshika kisu asubuhi, anakata vitunguu, hatokwi na chozi hata moja.

Sitasema nilikuwa nawaza usalama wa jirani zangu. Nilikuwa nataka kujua kama ni wangu. Kama si wangu, ningemshukuru Mungu, na mtoto wa mtu mwingine angekuwa ameshatangazwa. Kama ni wangu, angesikia jina lake likitamkwa sikioni mwake mwenyewe, huko aliko, peke yake, akijua kila mtu amelisikia na kwamba aliyelitoa ni mama yake. Baada ya hapo angerudi kwa nani?

Niliondoa kidole.

"Unafanya nini?" Asajile alisema.

"Nakwenda kuchukua kipaza sauti."

"Akifa?"

Nilimpita mlangoni.

*

Mwimbishaji hakutaka kunipa. Alisema zimebaki beti mbili. Nilimnyang'anya.

"Samahanini wafiwa, samahanini majirani," nilisema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika ikaingia kwenye ukungu mpaka ng'ambo ya mashamba ya chai. "Huu uzito tulionao kifuani si wa Mama Nsubisi. Mama Nsubisi anaendelea vizuri. Ni wa mmoja wetu mwingine, na tumeupoteza ndani ya kilio."

Kuni zilipasuka kwenye moto.

"Simjui, na sitamfunua. Asivue mtu kipokezi, ukivua unamwachia. Kila mtu mzima sasa hivi ashike mkono wa mtu mmoja. Asiwe wa nyumba yake. Huyo ni wako mpaka gari la wauguzi lifike. Chooni mnakwenda wawili. Kuni mnafuata wawili. Usimwulize kama ni yeye. Mwulize amekula nini leo, na umsikilize."

Bado hawakusogea. Walikuwa wanatazamana, na nilijua wanachokitafuta: kila mmoja alikuwa anakagua sura ya mwenzake.

"Msitazamane hivyo!" nilisema. "Shikaneni! Na wewe uliye mbali, kama unanisikia, rudi. Ukirudi hakuna atakayejua ni wewe, kwa sababu utatukuta wote tumeshikana mikono. Rudi tu ushikwe kama wengine."

Nilirudia maneno hayo mara kadhaa. Sikutaja jina. Lilikuwa limenikaa mdomoni, herufi zote, nikalimeza.

Aliyeanza ni Mzee Asajile. Alikuwa amenifuata kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akaenda akamshika mkono Mama Anyisile.

"We mzee niache! Mbuzi wako amemaliza karoti zangu zote, leo nikushike mkono?"

"Mkono haukula karoti, mama. Umekula nini leo?"

"Nimekula nini? Karoti si ulizila?"

Mtu akacheka chini ya turubai, kicheko cha msibani, cha kujiziba mdomo. Kisha viti vikaanza kusogezwa. Mwimbishaji akamshika kijana wa bodaboda. Mabinamu wawili wa marehemu waliokuwa hawasemezani waliachana, kila mmoja akatafuta mgeni. Uani kote watu walikuwa wanaulizana habari za chakula kama wagonjwa wa wodi moja. Nilishuka, nikaenda kusimama mwisho wa nyumba, pale njia ya nyuma inapoanzia. Njia hiyo haina nyumba. Inapita kwenye migomba, inaishia korongoni.

Kifua kilikuwa palepale.

"Na mimi?"

Mama Nsubisi alikuwa ametoka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango, taulo bado kichwani, na wanawake wa kwenye mkeka walikuwa nyuma yake wanamvuta kanga. Mfiwa haondoki mkekani. Hilo nalo hakuna aliyewahi kuuliza lilianza lini.

"Mama, wewe rudi ukae," nilimwambia. "Wewe unabebwa."

"Nimebebwa tangu jana mpaka mgongo unaniuma. Mmegawana watu wote, mimi mmeniacha kama mzigo wa stendi. Nipeni na mimi mtu."

"Hakuna aliyebaki."

"Nitangoja."

Akasimama kando yangu kwenye baridi. Mimi nilikuwa natazama migomba, na nadhani aliona ninavyoitazama.

Tuse alitokea kwenye ukungu akitembea polepole, kama anayepita uani kwa watu asiowajua. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu la korongoni mpaka kwenye vifundo. Alitazama watu wawiliwawili, mikono yao, midomo yao ikisogea. Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Kila mtu alikuwa na wake.

Mguu wangu ulikuwa umeshaondoka. Ningemfikia kwa hatua chache, ningemkamata mabega, na ninajua ningesema nini: Ulikuwa wapi? Una nini? Kwa nini hukuniambia? Ningesema yote matatu kwa pumzi moja.

Mama Nsubisi alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Mjumbe," alisema chini chini. "Si umesema asiwe wa nyumba yake?"

Akanipita. Alimfuata mwanangu pale kwenye tope, mjane wa siku moja, kandambili miguuni, akamchukua mkono kama anayechukua kitu chake.

"Huyu ni wangu," aliwaambia wale wanawake wa mkekani kabla hawajafungua mdomo. Kisha akamwuliza Tuse, "Umekula nini leo, mwanangu?"

Tuse alitazama tope viatuni. "Sijala, mama."

"Jana?"

Sikusikia jibu. Wakaingia ndani, na mlango wa chumba ukafungwa.

Nilikwenda kwenye mafiga nikapakua wali na maharage, nikaweka na kipande cha nyama nilichomnyang'anya mwimbishaji. Mtu akiniuliza, nilikuwa nawapelekea chakula. Nilifika mlangoni na sahani. Mlango wa mbao za zamani, una nyufa. Ndani nilisikia sauti ya mwanangu ikitoka vipandevipande, kitu kuhusu chuo, kitu kuhusu kutoweza kuamka, kwamba kila mtu anamwona mzima kwa sababu anafanya kazi. Kisha akasema wazi kabisa:

"Mama asijue. Nakuomba. Mama asijue."

"Hajui," Mama Nsubisi alisema. "Endelea."

Sahani ilikuwa inaniunguza vidole. Ningeweza kusukuma ule mlango kwa goti. Nilikuwa na haki gani ya kutousukuma? Nilimzaa mimi. Nimekesha naye malaria na surua. Na ndani ya chumba kile alikuwa anaongea, mtoto ambaye kwangu alikuwa amebakiwa na "ndiyo mama".

Niliinama, nikaweka sahani chini. Nikagonga mara moja na kuondoka kabla hajafungua mtu.

Uani, Mzee Asajile alinipungia kwa mkono aliobaki nao. Ule mwingine bado ulikuwa kwa Mama Anyisile. "We mjumbe! Umewashika watu wote mwenyewe unazurura? Njoo hapa tuwe watatu."

Nilikaa. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu kama mpini. Hapo ndipo ilipokuja ile huzuni. Kifua kilijaa ghafla mpaka nikadhani kitapasuka, macho yakaniwasha, na nilipotazama huku na huku niliona inakuja kwa kila mtu: mwimbishaji ameinamisha uso magotini, kijana wa bodaboda anajifuta na kofia, wanawake wa kwenye mafiga wameshikana, mwiko unaelea kwenye sufuria. Kila mmoja na kipande chake. Changu hakikuwa kikubwa kuliko vyao. Kisha, kidogo kidogo, ikaanza kulegea.

Mzee Asajile alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Huyu," alisema, "awe nani awe, sasa analia vizuri." Akanisogelea sikioni, asisikie Mama Anyisile. "Umemjua?"

Nilitazama mbele, kwenye ukungu, ambako taa za gari la wauguzi zilikuwa zinapanda kilima.

"Hapana," nilisema. "Na wewe usitafute."